Kaburi Nililomjengea Baba Kilimani

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, chanzo chake ni mawe. Nilikuwa nayapandisha kilimani kwa mikono yangu asubuhi na mapema, kabla ng'ombe hawajafunguliwa, ili mtu akinikuta niseme naziba korongo. Nywele zangu zilikuwa bado nyeusi, mgongo haujaanza kunisumbua, na nilijiona mwenye akili kuliko wote hapa Genkuru. Sikusimulii kwa sababu ni siri. Hakuna asiyeijua habari hii. Nakusimulia kwa sababu umezoea kuisikia vijiweni watu wakicheka, na mimi nataka uisikie angalau mara moja bila kicheko.

Keti basi. Maziwa yapo kwenye kibuyu, jimiminie.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa Mwita. Baba alitangulia, mama naye hakukaa sana, nikabaki na wadogo zangu, mkubwa wao akiwa Bhoke. Nilikuwa darasa la tano. Vitabu vya shule nilivirudisha mwenyewe kwa mwalimu, nikashika jembe. Wakati ule watu walikuwa wanamiminika huku kwa ajili ya dhahabu, wengine kutoka Usukumani, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, nami nikaingia mashimoni kama wao. Nimeponda mawe, nimeosha mchanga, nimetoka shimoni nikiwa mweupe kwa vumbi mpaka watoto wa jirani wakanikimbia.

Bhoke nilimpeleka mimi mwenyewe sekondari ya Issenye, sanduku lake la bati nimelifunga nyuma ya baiskeli pale tulipokosa lori. Akiwa bado shuleni, watu walikuja na habari ya ng'ombe, wakitaka kumwoa. Baba zangu wadogo walikuwa tayari wameshakubali moyoni. Nilisimama mlangoni nikasema msichana huyu haondoki hapa mpaka amalize kusoma. Waliniita mjinga, wakaniita mtoto, nikabaki nimesimama. Jambo hilo nililijivunia maisha yangu yote, na jambo hilo hilo ndilo lililoniharibu, kwa sababu polepole nilianza kuamini kwamba chochote Bhoke atakachopata ni changu.

Akasoma, akawa mwanasheria. Si wa kusimama mahakamani kila siku kama wale unaowaona Tarime wamevaa majoho. Aliajiriwa na kampuni moja ya simu, na baada ya miaka akawekwa kuwa mkuu wa wanasheria wao wa ndani. Alinieleza kazi yenyewe siku moja tukiwa tunakula. Alisema kampuni haiwezi kusimamisha mnara, wala kusaini mkataba na mwenye shamba, wala kumjibu mteja aliyedhulumiwa, kabla yeye na vijana wake hawajakaa, wakasoma, wakasema hapa sawa, hapa hapana.

"Kazi yetu kubwa, kaka, ni kuwaambia wakubwa hapana kabla hakimu hajawaambia."

Nilicheka sana. Nikamuuliza kama kuna mtu anampinga. Akasema wapo, tena kila wiki. Kisha akanieleza sharti alilowawekea vijana wake. Mtu akikuta faili linamgusa ndugu yake, aseme kabla ya kulifungua, na alitoe mikononi mwake. Kijana mmoja aliwahi kumletea mkataba wa shamba la mjomba wake bila kusema, naye akamwondoa kwenye kazi hiyo siku ile ile.

"Kwa ajili ya mjomba tu?" nikamuuliza.

"Hata angekuwa baba yake."

"Basi hao watoto wa mjini hawana ndugu," nikasema, na mke wangu akacheka, na Bhoke naye akacheka. Tukaendelea kula. Nakumbuka ugali ulikuwa wa udaga wa muhogo na mtama, na alikula mpaka akalegeza kanga.

Sasa, miaka ile mtandao wa simu ulikuwa haujafika kwetu vizuri. Ukitaka kupiga unapanda kilima kile cha malisho, unasimama karibu na mti wa mwisho, unainua simu juu kama unamwonyesha Mungu. Bhoke alipokuwa likizo hakukaa siku bila ofisi kumtafuta, kwa hiyo alikuwa anapanda, nami nilikuwa napanda naye, maana ng'ombe walikuwa huko. Jioni moja nikamsikia anazungumza na mtu wa ofisini. Akasema kilima cha Genkuru kimo kwenye mipango ya minara mipya, kwamba wapimaji watakuja baada ya mavuno, na habari hiyo isitoke nje kwanza.

Alipogeuka akaniona nimesimama nyuma yake na fimbo.

"Kaka, uliyoyasikia ni ya kazini."

"Nimesikia nini? Mimi naangalia ng'ombe."

"Kaka."

"Bhoke, hata Kiswahili chenu cha ofisini sikielewi."

Alinitazama kidogo, kisha akaniamini. Mwanangu, nimedanganya watu wengine maishani kama kila binadamu, lakini kuaminiwa kule ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Wewe umezaliwa ukikuta neno tegesha, hivyo sina haja ya kulieleza sana. Mgodi ulipokuwa unapanuka, watu walikisia wapi patachukuliwa, wakakimbia kujenga vibanda vya kuinama na kupanda miti iliyobanana kama meno, wakangoja fidia. Wengine walipata, wengi walipata aibu. Mimi nilikuwa nimewacheka wote. Lakini niliposikia habari ya mnara, nilikaa siku kadhaa silali vizuri. Nilijiambia nimewatoa watoto wote wa baba matopeni, na mimi mwenyewe bado nipo matopeni. Nilijiambia kampuni ile ni ya mdogo wangu. Sikusema ni kampuni anayofanyia kazi. Nilisema ni yake.

Kibanda hakikufaa, kwa sababu wapimaji walikuwa wameshajifunza kuvitambua vibanda. Nikatafuta kitu ambacho hakuna mtu angethubutu kukigusa wala kukihoji. Nikapandisha mawe, nikayapanga kwa urefu wa mtu, nikachonga msalaba wa mbao, nikachoma juu yake jina la baba kwa chuma cha moto. Nikapanda maua. Nikapalilia pembeni pakawa safi kabisa.

Baba hakuzikwa kule. Baba yupo kwenye boma letu la zamani, ng'ambo ya kijito, karibu na lango la zizi, kama anavyozikwa mwenye boma kwetu. Na huko, mwanangu, magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Lile la uongo nililipalilia, na la kweli nililiacha limezama.

Wapimaji walikuja, wakaona kaburi, wakaniuliza la nani. Nikasema la mzee wetu. Wakaandika kuna kaburi moja na mdai anaitwa Marwa, wakaondoka. Huku akina Marwa tumejaa kama mahindi shambani, kwa hiyo jina lile lilipofika mezani kwa Bhoke halikumwambia kitu. Lakini Bhoke alikuwa na utaratibu wake mwingine. Kiwanja chochote chenye kaburi hakutuma mtu, alikwenda mwenyewe, akawauliza wazee wa mahali pale kabla kampuni haijaandika neno. Alisema marehemu hana wakili, kwa hiyo lazima mtu mmoja wa upande wa kampuni amkumbuke.

Niliposikia anakuja nilifurahi. Nilijua mambo yamekwisha. Nilivaa koti langu la harusi.

Walifika asubuhi na gari la kampuni. Bhoke alikuwa na mpima ardhi na mwanasheria kijana wa timu yake, Salim, mtoto wa fundi cherehani wa Tarime mjini. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, na watu wengi tu, maana kila mtu alikuwa anautaka mnara. Mwenyekiti yule alikuwa wa upande wa pili wa kijiji, na baba alipokufa alikuwa mtoto mdogo. Wengine walikuwa wageni waliofuata dhahabu. Wachache waliojua ukweli walitazama chini, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na kibanda chake mahali fulani.

Salim alikuwa wa kwanza kufika kwenye mawe. Akainama, akasoma msalaba, akarudi haraka.

"Bosi, jina lililo pale ni la baba yako."

Bhoke alikuja taratibu. Akasoma. Sijui uso wake ulikuwaje, kwa sababu sikuweza kuutazama. Nilitazama viatu vyake vya ofisini vilivyojaa vumbi. Mwenyekiti akavua kofia. Mama mmoja akamshika mkono akamwambia pole, mwanangu. Salim naye akasema, "Pole sana, bosi. Hatukujua." Watu wazima walikuwa wanampa mdogo wangu pole kwa mawe niliyoyaokota korongoni.

Na hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia. Angeitikia tu pole ile, basi yangekwisha. Angelia kidogo, ningelipwa, mnara ungesimama, na yeye angekuwa mwongo mbele ya kijana aliyemfundisha kutosema uongo. Asingeitikia, angenivua nguo mbele ya kijiji kizima, mimi niliyesimama mlangoni kwa ajili yake. Nilikuwa nimemfungia kila njia, na nilikuwa nimevaa koti la harusi.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Marahaba."

"Hapa amelala nani?"

Angalia, mwanangu. Alinipa mlango. Aliniuliza kwa upole, kwa sauti ya nyumbani, ili nitoke mwenyewe. Nami nikajibu, "Tata." Kwa Kikurya ni baba. Nililisema neno lile na mdomo wangu huu.

Bhoke akafumba macho, kisha akamgeukia Salim.

"Salim, aliyedai ni kaka yangu. Ndiye aliyenilea. Kuanzia sasa kazi ya kiwanja hiki si yangu, ni yako. Usiniulize kama bosi, na usinisikilize kama bosi. Na ukirudi ofisini, wakubwa waambie wewe, usingoje mimi."

Kijana wa watu akapauka. "Bosi, labda tuahirishe..."

"Nilikufundisha kuahirisha?"

"Hapana."

"Basi fanya."

Bhoke akatoka pale, akavuka kamba ambayo wapimaji walizungushia kiwanja, akasimama karibu na gari kama mtu wa kupita. Salim akajifuta jasho. Akamfuata mpaka kwenye kamba, akamuuliza kwa heshima, "Dada Bhoke, sasa nakuuliza kama mtoto wa marehemu. Baba yako amezikwa wapi?"

"Kwetu mkubwa akiwepo, mdogo hasemi habari ya kaburi la baba," akajibu. "Kaka yupo. Muulize yeye. Akisema tena kwamba ni hapa, nitakujibu mimi."

Wote wakanigeukia.

Nikasikia watu nyuma wanapishana. Alikuwa shangazi Ghati, dada yake baba, anapanda kilima na jembe begani kama fimbo, anahema. Mtu alimpelekea habari kwamba kampuni imekuja kumhamisha kaka yake.

"Mko kwenye kaburi la nani?" akauliza. Akasogea, akayatazama mawe, akautazama msalaba ambao hakuweza kuusoma, kisha akanitazama mimi na koti langu.

"Mura," akaniita. Hivyo ndivyo anavyoitwa kijana, na mimi nilikuwa baba wa watoto. "Mimi ndiye niliyemfumba kaka yangu macho. Nilimwacha langoni pa zizi, ng'ombe wampite asubuhi na jioni. Nani amemleta huku?"

"Hakuna aliyemleta, shangazi."

"Kwa hiyo humu kuna nani?"

"Hakuna mtu."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Labda alipanda kutafuta mtandao." Watu wakaangua kicheko. Hicho ndicho kicheko unachokisikia vijiweni mpaka leo, hapo ndipo kilipozaliwa. Shangazi hakucheka. Alingoja wanyamaze.

"Umejenga kaburi lisilo na mtu. Unajua kwetu kaburi la namna hii linangoja. Haya, sema ni nani wa kuingia humu. Mwanao? Mimi? Au huyu uliyemsomesha, ambaye leo umemwita aje umzike mbele ya watoto wake wa kazi?"

Nilipiga magoti pale pale. Hakunitaka nipige magoti.

"Inuka. Yarudishe ulikoyatoa. Wewe peke yako."

Nikavua koti. Nikaanza kuyabeba mawe, nikayashusha korongoni mbele ya watu wote. Kuna jiwe moja kubwa, siku ya kulipandisha nililiviringisha kwa mti, na siku ile sikuwa na mti. Nikaanguka nalo. Nilipoinua macho nikaona Bhoke amepiga hatua kuja kunisaidia. Mguu wake ukafika kwenye kamba ya wapimaji, ukasimama, ukarudi nyuma. Salim aliona. Mimi pia niliona. Mwanangu, kama angevuka ile kamba ningemwona dada mwema. Hakuvuka, nikamwona mkuu wa watu, nikajua kwa nini wale vijana wanamwita bosi bila kuogopa.

Jua lilipoanza kushuka kilima kilikuwa kitupu. Watu walikuwa wameondoka, na gari lilikuwa limewashusha Salim na mpima kijijini. Sikuweza kwenda nyumbani. Nikavuka kijito kwenda boma la zamani, nikimfuata baba, kumwambia sijui nini.

Nilimkuta Bhoke pale. Viatu kavua, gauni la ofisini kalikunja magotini, ameazima jembe la shangazi, anapalilia. Alikuwa amefika nusu. Nikaanza kung'oa magugu upande wa miguuni, yeye akaendelea upande wa kichwani, mpaka tukakutana katikati.

"Ungeniomba, kaka," akasema bila kuinua kichwa.

"Ningekuomba nini?"

"Chochote kilicho changu. Nyumba yangu, mshahara wangu, chochote. Hata usingesema asante. Lakini ile kazi si yangu. Nimepewa niishike tu."

Nikamwambia nilimsikia siku ile kilimani, akiongea na ofisi. Akasema anajua. Akasema neno la kwanza atakalowaeleza wakubwa wake ni hilo, kwamba habari ilitoka mdomoni mwake, akiwa amesimama mahali pasipo na ukuta, karibu na ndugu. Nikamsihi asiseme. Nikamwambia sema mimi ni mwizi, sema nilikuvizia. Akaniuliza, "Na Salim nitamfundisha nini?"

Akawaambia. Wakamweka kando na kiti chake muda mrefu, wakachunguza, wakampa onyo, ndipo wakamrudisha. Miezi ile yote hakunilaumu hata mara moja. Alikuwa anapiga simu kwa jirani wa Kewanja, kijiji kilichokuwa na mtandao, anauliza kama nakula. Wazee walinitoza mbuzi wa kutakasa kilima, nikamtoa. Na mnara ukasimama, Salim ndiye aliyemaliza ile kazi, kwenye malisho ya kijiji, kwa makubaliano na kijiji.

Sasa nisikilize, kwa sababu naona unataka kuinuka. Umeniambia binamu yako amepata cheo kwenye ofisi kubwa, na kwamba utamtembelea umweleze shida zako. Nenda umtembelee. Mpelekee mtama, mpelekee salamu. Ukiwa na njaa mwombe chakula. Lakini usimwombe cheo chake, wala usivizie maneno yake ya kazini kama mimi na fimbo yangu. Na kama kuna mtu uliyemlea, uliyemsomesha, usimwekee malezi yale mbele yake kila ukikutana naye. Ulimlea ili asimame, na akisimama hatasimama mahali unapotaka wewe kila siku. Nawe ukija kuwa mkubwa wa watu, fanya alivyofanya mdogo wangu. Likikufika la ndugu, sema mapema kwamba ni ndugu, uvuke kamba, ukae upande wa pili hata kama moyo unataka kurudi. Vijana wako watakuwa wanatazama mguu wako.

Shangazi aliuliza ni nani wa kuingia kaburini mle. Alikufa kwa uzee wake, watoto wangu wote wapo, Bhoke yupo. Lakini lilipata mtu. Wewe mwenyewe ukishuka kwenye bodaboda pale chini ya mnara unamwambiaje dereva? Unamwambia nishushe Kaburi la Marwa. Watoto waliozaliwa juzi wanasema hivyo, wageni wanasema hivyo, na mimi nipo hai, nakunywa maziwa. Nimezoea. Jina langu ndilo lililozikwa, na nilichimba mwenyewe.

Haya, nenda kabla jua halijazama. Mungu akutangulie njiani, akupe ndugu wa kukwambia hapana, akupe na sikio la kulisikia neno hilo kabla hujapandisha jiwe la kwanza. Na jina lako likae juu ya ardhi, mwanangu, watu wakikushukia mlangoni wawe wamekuja kukuona wewe.